Ugumu Unauzwa? Mjadala wa Songo Juu ya Mafumbo ya Mbao

Hoja ni hii: seremala wa Songo, mtaa wa Uvira, Kongo, aache vitanda na milango, hata kwa siku moja ya juma, akate picha za mbao vipandevipande ili watu wengine walipe fedha kwa kuhangaika kuziunganisha tena? Hoja ya namna hii haifai kujibiwa na mtu mmoja. Nimeketisha sauti tano za aina ambayo Uvira haikosi: seremala mwenye karakana, mama anayevusha bidhaa mpaka wa Kavimvira, mwalimu wa shule ya msingi, mzee wa Kibembe aliyeteremka zamani kutoka milima ya Fizi, na dada aliyepitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma akaishia Marekani, ambaye maneno yake yanafika kwa odio za WhatsApp pale mtandao unapokubali. Nimezipanga mwenyewe, kwa hiyo mtu asiende kuwatafuta mtaani. Ubishi wao tu ndio wa kweli, nami nitauingilia nikiona umepinda.

DADA: Kaka, salamu kutoka huku. Nisikilize mpaka mwisho kabla ya kucheka. Fumbo lenyewe ni picha iliyobandikwa juu ya ubao mwembamba, kisha fundi ameikata kwa msumeno ikawa vipande mia mbili, mia tano, hata elfu. Unanunua vipande ndani ya boksi, kazi yako ni kuirudisha picha. Yale ya karatasi ngumu yanauzwa kila duka, si ninayoyasemea. Nasemea ya mbao, yaliyokatwa kwa mkono. Kuna karakana moja jimbo la Vermont inaitwa Stave, ilianzishwa 1974. Fumbo lake moja linaweza kufika maelfu ya dola. Na boksi halina picha juu. Unalipa, na huambiwi unajenga nini.

SEREMALA: Maelfu? Dada yangu, mimi nikimaliza kitanda cha mvule cha watu wawili, kichwa kimechongwa, mteja ananiomba nipunguze kwa sababu ameona msumari mmoja. Na kitanda changu ni kizima! Huyo wako analipa maelfu kwa kitu kilichokwisha kuvunjwa?

MAMA: Acheni kwanza mshangao. Nani ananunua? Ananunua mara ngapi? Analipa kabla ya kazi au baada? Mimi navuka Kavimvira kwenda Bujumbura na mzigo ninaoujua mnunuzi wake. Sijawahi kubeba kitu ambacho faida yake ni kumsumbua mteja.

MWALIMU: Mama, umebeba, hujui tu. Vitabu vya hesabu.

MAMA: Vitabu vya hesabu hununuliwa na wazazi, Mwalimu. Wanaosumbuka ni watoto. Hapa mwenye kulipa na mwenye kusumbuka ni mtu mmoja.

Hapo Mama amegusa kiini mapema kuliko nilivyotarajia, na wengine watazunguka sana kabla ya kurudi alipo. Tuwaache wazunguke. Mwalimu ana historia ya kumwaga, na historia hiyo inatuhusu kuliko anavyodhani mtu wa pwani ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika.

MWALIMU: Mafumbo haya hayakuanza kama mchezo wa matajiri wenye kuchoka. Yalianza darasani. Mchoraji ramani wa London, John Spilsbury, katika miaka ya 1760 alibandika ramani juu ya mbao za mkangazi, akazikata kwa kufuata mipaka ya nchi. Mtoto akishika kipande, ameshika nchi. Akikirudisha mahali pake, amejifunza nani jirani wa nani. Alitengeneza ramani nane: dunia, mabara manne, kisha Uingereza pamoja na Wales, Ireland na Scotland. Moja ya yale mabara ni Afrika.

MZEE: Walituanza mapema kutukata.

MWALIMU: Mapema kweli, Mzee, zaidi ya miaka mia moja kabla ya mkutano wa Berlin. Na msumeno wa Berlin haukuwa na mkono imara. Hapa kwetu, bonde la Ruzizi na Kivu, Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza waliendelea kubishana hadi makubaliano ya Brussels ya 1910. Ndipo mstari ukatulia: upande huu Kongo, upande ule Burundi.

MAMA: Na mimi napita juu ya huo mstari na kitambulisho mkononi, naulizwa nina kilo ngapi. Endelea.

MWALIMU: Mafumbo ya watu wazima yakaja baadaye. Mwaka 1908 na 1909 Marekani ilipagawa nayo. Kampuni ya Parker Brothers mwaka 1909 ilisimamisha michezo yake mingine, kiwanda kizima kikakata mafumbo. Na hayakuwa rahisi kununua: fumbo la vipande 500 lilikuwa dola 5, wakati mfanyakazi wa kawaida alipata kama dola 50 kwa mwezi.

SEREMALA: Sehemu ya kumi ya mshahara. Kitanda changu kwa wengine hakifiki hapo.

MWALIMU: Na sasa sikia sehemu yako. Uchumi wa dunia ulipoanguka, miaka ya 1930, mafundi waliokosa kazi walianza kukata mafumbo nyumbani, wakiyauza na kuyakodisha mtaani. Wanaume wawili wa New York waliokuwa hawana kazi, Frank Ware na John Henriques, walianzisha mwaka 1932 jina la Par. Walikata kwa ajili ya matajiri, wakaficha picha, wakampa mteja jina la picha la kumpoteza, na juu yake wakamwandikia muda ambao mtu hodari angepaswa kumaliza. Ndani ya kila fumbo kulikuwa na kipande chenye umbo la farasi-bahari. Hiyo ndiyo sahihi yao.

SEREMALA: Sahihi kwa msumeno. Hilo nimelipenda.

MWALIMU: Wakati huohuo viwanda vikaanza kukata karatasi ngumu kwa mashine, pigo moja picha nzima. Mwanzoni mwa 1933 mauzo ya Marekani yalifika mafumbo milioni kumi kwa juma. Ya mbao yakabaki kwa wachache.

DADA: Ndiyo maana yanakusanywa, kaka. La karatasi, boksi lako na langu vimekatwa na kisu kimoja. La mbao, hata picha ikirudiwa, mkono haurudii mstari wake. Wakusanyaji wakiona vipande wanataja aliyevikata.

Ninyi msomao, msipite hapa haraka. Kupendwa kwa mafumbo ya mbao kunaelezwa kwa kawaida kwa harufu ya mbao, uzito wake mkononi, mlio wa kipande kinapoingia. Yote ni kweli. Lakini mnunuzi wa maelfu ya dola amenunua pia akili ya mtu mwingine iliyokaa kumtegea. Tumwache seremala aeleze mtego unavyotengenezwa, kwa sababu hapa ndipo fundi anapoanza kusema kama fundi.

SEREMALA: Ngoja niichukue kama kazi iliyoletwa mlangoni. Mbao nzima haifai. Mvule una nyuzi zake. Ukikata kipande chenye kichwa cha kujifunga kwa jirani, na shingo ya kile kichwa ikakingama nyuzi, itavunjika ikishikwa mara ya pili. Kwa hiyo tripleksi. Matabaka yake yamelazwa kwa kupishana, shingo inashikwa pande zote. Unene, milimita tano au sita. Picha inabandikwa kwanza, gundi isiache povu, inalazwa chini ya uzito mpaka ikauke. Kisha msumeno wenyewe: wembe mwembamba kama uzi, umefungwa juu na chini, unapanda na kushuka mahali pamoja, mimi ndiye ninayesukuma na kuzungusha ubao. Umeme ukikatika nauendesha kwa kanyagio. Wembe mnene unakula mbao, na mbao iliyoliwa haiji tena: vipande vinalegea, picha inaachana. Wembe mwembamba mno unakatika kila mara, na kuupata mwingine ni safari. Halafu kuna ziwa. Mvua inapokuwa nyingi mbao inavimba, kiangazi inanywea. Kipande kinachokwama Aprili kitacheza Julai. Picha nzima lazima ipakwe vanishi pembeni, nyuma pia, la sivyo nitakuwa nimeuza ugumu ambao sikuukusudia.

MAMA: Na ule unaoukusudia?

SEREMALA: Huo ni mwingine. Mtu anaunganisha kwa kufuata rangi, si ndiyo? Kuna mwanamke amevaa kitenge chekundu, nyuma yake anga. Nikikata ovyo, kipande kitabeba nyekundu kidogo na buluu kidogo, kimejitaja jirani. Nikikata palepale kitenge kinapoishia, kipande chekundu hakina hata tone la anga. Atajuaje kinapakana na nini?

DADA: Hivyo ndivyo wanavyofanya! Na mtu akifungua boksi anatafuta kwanza pembe nne na vipande vyenye ubavu mnyoofu, ajenge fremu. Wakataji wanalijua hilo. Wanaikata pembe katikati iwe vipande viwili, hakuna kinachoonekana kuwa pembe. Halafu katikati ya picha wanaweka kipande chenye kona nzuri kabisa, nyoofu, ya uongo. Mengine fremu haipo kabisa, ukingo umejikunja kama ufuo.

SEREMALA: Au nisiweke vichwa na shingo. Vipande vilale tu ubavu kwa ubavu bila kushikana.

DADA: Ya zamani yalikuwa hivyo. Mtu akipiga chafya, kazi ya jioni nzima imekwenda.

MZEE: Sasa niambieni. Huyu anayeweka pembe ya uongo na huyu anayeniuzia dhahabu ya uongo, tofauti yao ni ipi?

Kimya kidogo. Dada, kwa bahati mbaya yake, ana mfano unaomsaidia Mzee.

DADA: Haohao Stave, mwaka 1989, waliuza fumbo la vipande vitano tu. Watu wakakesha. Halikuwa na jibu; ulikuwa utani wa Aprili mosi. Wateja wakarudishiwa fedha zao.

MZEE: Wakarudishiwa. Basi hata wao walijua kuna mpaka. Ugumu usio na mlango wa kutokea ni wizi. Mimi nawaambia jambo la kwetu. Warega kule Mwenga na Shabunda wana Bwami, jumuiya yao ya madaraja, na sisi Babembe tunayo yetu, ingawa madaraja si yale yale. Mtu wa Bwami anapanda daraja kwa mwenendo wake na kwa mali inayotolewa na ndugu zake. Kwa Warega daraja la juu ni Kindi. Katika kila hatua anaonyeshwa vitu: sanamu ndogo ya mti, ya pembe ya ndovu, kinyago, hata gamba la kakakuona. Kila kimoja kina methali yake na uchezwaji wake. Ukikiona bila methali, umeona mti. Mtu wa nje angetazama siku nzima asiambulie kitu. Kwa hiyo hata sisi tulilipia ugumu, Mama. Lakini aliyekuwekea fumbo alikuwa amekaa hapo hapo, na kazi yake ilikuwa kukufungulia.

MWALIMU: Na Wabelgiji wakaipiga marufuku.

MZEE: Mwaka 1948. Vitu vikaanza kutoka. Vingine vilichukuliwa, vingine viliuzwa na wenye shida.

MWALIMU: Mtaalamu mmoja Mbelgiji, Daniel Biebuyck, aliishi kwa Warega mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuandika methali pamoja na vitu, ndiyo maana kitabu chake cha 1973 bado kinasomwa. Lakini vitu vingi vilikwenda bila methali. Mkusanyaji mmoja, Jay Last, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa viwanda vya vifaa vya kompyuta California, alikusanya sanaa ya Kirega kwa miaka mingi, akaipa jumba la Fowler la Chuo Kikuu cha UCLA. Mwaka 2001 ilifanyiwa maonyesho makubwa.

MZEE: Hilo ndilo fumbo la mbao linalokusanywa zaidi kutoka nchi yetu. Wenzetu wameshika vipande, na waliojua picha nzima wanakufa mmoja mmoja. Msinishangae nikiwa na wivu na hao wa Vermont. Mkataji wao yuko hai na simu yake inajulikana.

Naingilia. Mzee amesema jambo zito na halifai kumezwa na shangwe za biashara, lakini ameunganisha vitu viwili ambavyo mimi ningevitenga. Kitu cha Bwami hakikutengenezwa ili kiwe kigumu. Kilifichwa ili kifundishe kwa zamu. Fumbo la Vermont limetengenezwa kwa ajili ya ugumu wenyewe. Ukiutoa, hakuna kinachobaki isipokuwa picha ya mashua ambayo ungeinunua nzima kwa bei ndogo. Vinafanana kwa hiki alichokisema mwishoni: lazima awepo mtu anayejua jibu na anayeweza kuulizwa. Hapo nakubaliana naye kabisa.

MAMA: Tumezungumza matajiri, tumezungumza wazee. Sasa tuzungumze Songo. Nani hapa ana jioni ya kukaa na vipande mia tano?

DADA: Mama, mwaka 2020, Korona ilipowafungia watu ndani, huku maduka yaliishiwa mafumbo. Watu waliyagombania kama…

SEREMALA: Dada, samahani. Aprili 2020 unaikumbuka? Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mto Mulongwe ulishuka na mawe. Nyumba zilikwenda, watu walikwenda. Halafu ziwa lenyewe likapanda likaingia majumbani. Wenzetu huko walikuwa wakiunganisha picha za nyumba za kijiji, sisi tulikuwa tukitafuta mabati yetu kwenye mchanga. Usinihesabie Korona kuwa ushahidi.

Tena kimya. Ni haki yake. Hata hivyo naona kilio hiki kinapinga kusifu mafumbo, hakipingi kuyakata. Na anayejibu vizuri zaidi ni Dada mwenyewe, akiacha kabisa habari za Marekani.

DADA: Umenishinda hapo, kaka. Basi nisemee Nyarugusu. Ile kambi ilifunguliwa 1996 kwa watu wa kwetu, Kivu ya Kusini. Wengi wamekaa humo miaka kumi, miaka ishirini. Chakula kilipungua, kuni zilipungua. Muda haukupungua siku hata moja. Wanaume walicheza dama kwa vizibo vya soda. Waliojifunza kwa Watanzania walicheza bao. Usiseme masikini hana muda. Masikini aliyezuiwa kufanya kazi ana muda mpaka unamuumiza.

MZEE: Kweli tupu.

MWALIMU: Na bao ni la mbao, limechongwa kwa mkono, na ni gumu. Mashimo 32, kete 64, kwanza namua, kisha mtaji. Mholanzi Alex de Voogt alitetea tasnifu ya udaktari Leiden mwaka 1995 juu ya mabingwa wa bao Zanzibar, akitaka kujua akili ya mtu inaweza kubeba mahesabu kiasi gani. Kwa nini tukate picha za kigeni wakati ugumu wetu upo tayari?

SEREMALA: Nimeona mabao ya watalii. Mashimo hayana kina, kete haziingii hata tano. Yanatundikwa ukutani.

MWALIMU: Hayo ni makosa ya wachongaji wa watalii, si ya mchezo.

MAMA: Subirini. Bao nikicheza leo, kesho nacheza tena, kwa sababu mpinzani wangu kesho ana akili nyingine. Fumbo la vipande nikilimaliza?

DADA: Umelimaliza. Unalivunja, unalirudisha ndani ya boksi.

MAMA: Na kulirudia?

DADA: Mara ya pili unakumbuka. Pembe ya uongo haikudanganyi tena.

MAMA: Basi nimepata biashara yenu. Ugumu huu unauzika mara moja tu kwa mtu mmoja. Akishamaliza, alichobaki nacho ni boksi. Lakini kwa jirani yake boksi lile ni jipya kabisa! Mnauza nini tena? Kodisheni.

Huu ndio mgeuko wa mjadala, na nausifu bila aibu, maana wengi walioandika juu ya mafumbo haya wamejishughulisha na bei ya kuyanunua. Mama hajasoma historia yake, ila amefika mahali ambapo historia ilikwisha kufika. Mwalimu analijua hilo.

MWALIMU: Uingereza kuna maktaba ya kuazimisha mafumbo ya mbao, iliyoanzishwa 1933. Mwanachama anapelekewa boksi, analirudisha, anapelekewa jingine. Na maboksi hayana picha.

MAMA: Mnaona? Tangu 1933 wanajua.

SEREMALA: Kipande kikipotea?

MAMA: Dhamana. Mtu aweke franka zake, akirudisha pungufu zinabaki kwako ukate kingine. Huwezi kukata kingine?

SEREMALA: Naweza, lakini kitajulikana. Rangi haitalingana, na mstari wa pili haufuati wa kwanza kikamilifu. Ndiyo uzuri na ubaya wa mkono.

MZEE: Na watoto watavitia mdomoni.

MWALIMU: Watoto wangu nataka waanze na ramani, kama Spilsbury, lakini tusikate kwa mipaka peke yake. Nipe Ziwa Tanganyika. Lina urefu wa kilomita kama 670, nchi nne zinalinywa: Kongo ina karibu asilimia 45 ya maji yake, Tanzania 41, Burundi 8, Zambia 6. Mtoto wa darasa la tano anakariri hizo namba halafu anazisahau. Akiwa na mikono miwili ya vipande vya Kongo na vipande vichache sana vya Zambia, hatasahau.

SEREMALA: Maji yote ni buluu, Mwalimu. Umechagua gumu kuliko yote. Kipande cha maji hakisemi kitu. Mtoto atategemea umbo peke yake.

MWALIMU: Basi yachore yalivyo. Karibu na Kalundu yana tope la mito, mbali ni meusi. Kule kusini kina chake kinapita mita 1,400. Paka rangi kwa kina.

SEREMALA: Hilo linawezekana. Na mstari wa mwisho nitaukata kwa kufuata Ruzizi yenyewe inavyojipinda ikiingia ziwani. Hapo hakuna atakayepata kwa bahati.

DADA: Kaka, mimi nitakutafutia watu wa huku vilevile. Wapo watu wetu, Wabembe, Wafuliiru, Wavira, Wanyamulenge, wametawanyika majimbo mengi. Watoto wao hawajaliona ziwa. Hao watanunua, hawatakodi.

MAMA: Wakilipa kabla.

DADA: Wakilipa kabla, Mama.

MZEE: Nina swali moja, kisha ninyamaze. Hizo pembe za uongo, mtawawekea watoto?

Wanagawanyika. Mwalimu anasema hapana: mtoto wa miaka tisa akidanganywa na ubao ataukasirikia ubao. Dada anasema ndiyo, moja tu, kwa sababu furaha yote iko katika kugundua kwamba mtu mzima alikutega na umemkamata. Seremala, ambaye ndiye atakayekata, anasema atalazimika kuona kwanza mtoto anavyocheka. Mwalimu anakumbusha riwaya ya Mfaransa Georges Perec ya 1978, *La Vie mode d'emploi*, ambamo tajiri anatumia maisha akijaribu kuunganisha mafumbo ya mbao mia tano yaliyokatwa na fundi mmoja, na anakufa ameshika kipande kisichoingia katika pengo pekee lililobaki. Fundi alikuwa amekwisha kufa. Mzee anasikiliza hadithi hiyo hadi mwisho, anauliza kama tajiri alipata kumtembelea fundi wake akiwa hai ili wazungumze, na anaambiwa kwamba ubishi huo ni wa siku nyingine.

Mimi natoa uamuzi wangu. Soko la maelfu ya dola lipo, lakini limejengwa juu ya jina lililokomaa kwa miaka hamsini, na seremala wa Songo asiliwekee matumaini ya chakula cha mwaka huu. Hoja ya kwamba sisi hatuna muda wa kucheza naikataa, Nyarugusu imeijibu. Hoja ya Mwalimu kwamba bao linatosha naikataa pia, kwa sababu bao linadai mpinzani, na wapo wengi wanaokaa peke yao, wagonjwa kitandani na walinzi wa zamu ya usiku wakiwa wa kwanza. Juu ya pembe ya uongo niko upande wa Dada: moja kwa kila boksi, na jibu libaki karakanani kwa yeyote atakayekuja kuuliza, mtoto au mtu mzima, bila malipo. Kwa hilo nadhani hata Mzee ataridhika.

Seremala aliombewa siku moja ya juma. Naona apewe, aanze na ramani ya ziwa ya vipande mia moja na hamsini juu ya tripleksi ya milimita sita, na akodishe kwa sharti la Mama: dhamana mkononi, na vipande vihesabiwe mbele ya mteja boksi linapotoka na linaporudi.